Saa moja angani, kutwa barabarani: Ndege inamlipa nani Nyanda za Juu Kusini?

UCHAMBUZI
Na Mwandishi Wetu, Iringa

SWALI hili utalisikia stendi ya Igumbilo hapa Iringa, utalisikia pia sokoni Mwanjelwa kule Mbeya: “Kwa ndege ni saa ngapi?” Anayeuliza mara nyingi ni mfanyabiashara aliyetoka kushuka kwenye basi, miguu imevimba, na ambaye amesikia kwamba jirani yake aliondoka asubuhi, akafika Dar es Salaam kabla ya chakula cha mchana na jioni akawa amerudi nyumbani.

Jibu la haraka lipo. Kutoka Songwe hadi Dar es Salaam ni saa moja na dakika kumi kwa ndege ya jeti, au saa moja na nusu kasoro kidogo kwa ndege ya pangaboi. Kutoka Nduli, Iringa, hadi Dar es Salaam ni kama saa moja kwa pangaboi kubwa na saa moja na nusu kwa ndege ndogo ya injini moja. Na kutoka Nduli hadi Songwe, kama ndege ingekwenda moja kwa moja, ni dakika 45 hivi.

Lakini jibu hilo ni la rubani. Mkulima na mfanyabiashara mdogo wanahitaji jibu jingine, nalo halipo kwenye tiketi. Safu hii leo inajaribu kulitafuta, kwa sababu fedha nyingi za umma zimekwenda kwenye viwanja vya ndege vya ukanda huu, na ni haki ya mlipakodi wa Mafinga, Makambako au Tukuyu kujua uwanja huo unamhusu vipi yeye mwenye magunia.

Kilomita za ramani na kilomita za lami

Tuanze na umbali wenyewe, maana hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka uwanja wa Nduli hadi uwanja wa Songwe, unapata kama kilomita 305. Kutoka Nduli hadi Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere ni kama kilomita 390. Kutoka Songwe hadi uwanja huo huo wa Dar es Salaam ni kama kilomita 690.

Sasa linganisha na lami. Iringa hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 500, yaani zaidi ya mia moja kuliko za angani. Sababu ni kwamba barabara haiendi moja kwa moja. Inapinda kufuata Morogoro, inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, inafuata bonde la Ruaha na kisha kupanda Kitonga. Mbeya hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 830, tofauti ya kilomita 140 hivi.

Ila kati ya Iringa na Mbeya, lami ni kama kilomita 330 tu. Barabara ya Mafinga, Makambako, Igawa na Uyole inakwenda karibu sawasawa na mstari wa ramani. Uwanja wa Songwe wenyewe uko kama kilomita 20 na ushee magharibi ya mji wa Mbeya, ukipita Mbalizi. (Jina lisikuchanganye ndugu msomaji: ukishuka Songwe hujafika Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe. Wapo walioteremka hapo wakidhani wamefika.) Kwa hiyo kati ya miji hii miwili ndege haikupunguzii umbali wa maana. Inachokupa ni mwendo wake tu.

Jambo la pili kwenye hesabu hizo ni zuri zaidi. Jumlisha 305 na 390, unapata 695. Maana yake ni kwamba Iringa iko karibu chini kabisa ya njia ya ndege inayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Ndege ikipitia Nduli, safari nzima inaongezeka kwa kilomita zisizofika kumi. Kwa umbali peke yake, hakuna mji unaofaa kuwa kituo cha katikati kuliko Iringa.

Kwa nini basi ndege hazikuwa zikishuka hapa na kupanda kama basi linavyoshusha abiria Makambako? Kwa sababu gharama kubwa ya ndege haiko kwenye kilomita. Iko kwenye kupaa na kutua. Ndege inapopaa ndipo inapokunywa mafuta kwa fujo, na ikishatua kuna ada za uwanja, kuna matairi na breki, kuna dakika 30 au 40 za kushusha na kupakia ambazo ndege haiingizi kitu. Dereva wa basi akisimama Mafinga kuchukua abiria wawili anapata faida. Rubani akishuka Nduli kuchukua abiria wawili kampuni inapata hasara. Hivyo suala la Iringa kuwa na ndege za uhakika ni suala la viti vingapi vitajaa, siku hadi siku, msimu hadi msimu.

Viwanja viwili, historia mbili

Mbeya ilipata bahati mapema. Uwanja wa zamani ulikuwa mjini kabisa, mfupi, umezungukwa na nyumba, wala haukuweza kupokea ndege kubwa. Desemba 2012 Songwe ikafunguliwa, na njia yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 3.3. Mwaka uliofuata Fastjet ikaleta jeti aina ya Airbus A319, na kwa mara ya kwanza mwalimu na muuza viatu wakapanda ndege kwenda Dar es Salaam. Fastjet baadaye ikafa, lakini mazoea yakabaki. Air Tanzania ilipofufuliwa mwaka 2016 kwa ndege za pangaboi aina ya Q400 zenye viti 76, Mbeya ilikuwa na abiria wanaojua tayari ladha ya kufika mapema.

Urefu huo wa Songwe haukuwa wa fahari. Uwanja uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Nduli iko juu zaidi, kama mita 1,400. Huku kwetu hewa ni nyepesi, hasa mchana jua likiwaka. Injini na mabawa hupoteza nguvu kwenye hewa nyepesi, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Kama njia ni fupi, dawa ni moja tu: punguza uzito. Na kinachoanza kupunguzwa ni mzigo. Mwenye parachichi ajue kwamba kwenye uwanja mfupi wa mlimani, boksi lake ndilo linalobaki chini.

Hilo ndilo lililoibana Nduli miaka yote. Uwanja uko kama kilomita 12 kutoka mjini kwa barabara ya Dodoma, na kwa miaka mingi ulihudumiwa na ndege ndogo za aina ya Cessna Caravan, zikiwemo za Auric Air, zenye viti dazeni moja hivi. Ndege ya namna hiyo ni nzuri kwa daktari, mtalii na mkaguzi wa mradi. Haiwezi kubeba soko. Ndiyo sababu kurefushwa kwa njia ya Nduli hadi kilomita mbili na ushee, kwa mradi uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, ni habari kubwa kwa Iringa kuliko jengo jipya lenye vioo ambalo ndilo watu hupenda kupigia picha.

Saa ya tiketi na saa ya mlango kwa mlango

Sasa tufanye hesabu ya mtu anayetoka nyumbani kwake hadi anapofika dukani kwa mteja wake. Hesabu hii kila mtu anaweza kuifanya kwa kalamu.

Mfanyabiashara wa Mbeya mjini anayekwenda Kariakoo. Dakika 40 hadi Songwe, zaidi ikiwa malori yameziba Mbalizi. Saa moja na nusu ya kuwahi, kukaguliwa na kusubiri. Saa moja na dakika 25 angani. Nusu saa ya kungoja begi. Saa moja, kwa siku njema, kutoka uwanjani hadi Kariakoo. Jumla ni saa tano. Kwa basi ni saa 13 au 14 hadi stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na nyingine moja kufika mjini. Ameokoa saa tisa au kumi. Hiyo ni siku nzima ya kazi.

Wa Iringa anayekwenda Kariakoo: kwa ndege kama saa nne na robo, kwa basi kama saa kumi ukijumlisha foleni ya kutoka Mbezi. Ameokoa saa tano na ushee.

Wa Iringa anayekwenda Mbeya: hata tukimpa ndege ya moja kwa moja, nusu saa hadi Nduli, saa moja na robo ya kusubiri, dakika 45 angani, dakika 20 za begi, dakika 40 kutoka Songwe hadi mjini. Jumla saa tatu na nusu. Kwa basi ni saa sita hadi saba. Kwa gari dogo ni tano. Aliyetumia gari lake amechelewa kwa saa moja na nusu tu, na njiani amesimama Makambako akaulizia bei ya mahindi na viazi.

Msomaji ataona kinachotokea. Kuna saa mbili na dakika 45 hivi ambazo hazipungui hata safari iwe fupi kiasi gani: kwenda uwanjani, kusubiri, begi, kutoka uwanjani. Safari ikiwa ndefu, saa hizo zinamezwa. Ikiwa fupi, zinakula faida yote ya mwendo. Ndiyo maana kwa maoni yangu kelele za kutaka ndege kati ya Iringa na Mbeya kwa ajili ya wafanyabiashara wa miji hiyo miwili zinapigwa mahali pasipo penyewe. Kinachohitajika kati ya miji hii ni barabara isiyoziba. Upanuzi wa kipande cha kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi kuwa njia nne, ambacho ndicho kinachopita Mbeya mjini kuelekea Songwe, utaokoa muda wa watu wengi zaidi kuliko ndege hiyo, wakiwemo wanaokwenda kupanda ndege.

Na kuna basi la usiku. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku kucha. Oktoba 2023 LATRA iliruhusu safari za saa 24, na kwa mtu wa Iringa hesabu ikageuka. Anafunga duka jioni, anapanda basi saa tatu au saa nne usiku, alfajiri yuko Mbezi, anafanya manunuzi mchana, usiku anarudi. Kwenye karatasi ametumia saa nyingi barabarani. Mfukoni hakupoteza siku hata moja ya kuuza, wala hakulipa gesti. Uchovu upo, na hatari ya barabara ya usiku ipo, sitaificha. Lakini mshindani mkubwa wa ndege ya Iringa si basi la mchana tena, ni hili la usiku.

Tangu Juni 2024 kuna njia nyingine pia. Treni ya SGR inafanya safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa chini ya saa mbili. Mtu wa Iringa anaweza kushuka Morogoro na kukwepa kipande cha Chalinze hadi Mbezi, ambacho kila dereva anakijua kwa uchungu. Si wengi wanaofanya hivyo kwa sasa kwa sababu ya kubadilisha vyombo na mizigo. Asiye na mzigo mkubwa ajaribu.

Tiketi inakula faida kiasi gani?

Nauli hupanda na kushuka kwa siku na kwa msimu, kwa hiyo namba hizi ni za mfano tu, weka zako. Tuseme basi la Mbeya kwenda na kurudi Dar es Salaam ni Sh120,000 na ndege ni Sh500,000. Tofauti ni Sh380,000.

Mfanyabiashara wa kwanza anauza gunia 30 za mchele wa Kyela au Mbarali, kila gunia kilo 100, na faida yake ni Sh100 kwa kilo. Faida yote ni Sh300,000. Akipanda ndege kwenda kukusanya fedha yake, tofauti ya nauli imemeza faida yote na amebaki na pengo la Sh80,000. Huyu asidanganyike na saa tisa alizookoa.

Wa pili anapeleka fuso mbili, tani 20. Kwa faida ile ile ana Sh2,000,000, na tofauti ya nauli ni asilimia 19. Bado ni kubwa, lakini kama kuwahi Dar es Salaam kunamkuta mnunuzi kabla ya malori ya Shinyanga na Morogoro hayajashusha bei, na akapata japo Sh20 zaidi kwa kilo, ameongeza Sh400,000 na tiketi imejilipa. Wa tatu hana mzigo kabisa: anakwenda kusaini mkataba, kukagua mashine, au kushughulikia kontena lililokwama bandarini ambalo linatozwa kila siku inayopita. Huyo apande ndege hata kama inamuuma.

Kwa maneno mengine, usiulize ndege inaokoa saa ngapi. Uliza saa zile ungezifanyia nini. Mkulima ambaye siku hiyo angekaa nyumbani akisubiri mvua hana saa ya kuuza kwa shirika la ndege.

Gunia halipandi ndege

Tukija kwenye mazao yenyewe, lazima tuseme ukweli ambao kwenye hotuba za uzinduzi wa viwanja hausikiki. Mahindi, viazi, mchele, mbao na vitunguu havitapanda ndege kwa bei zake za sasa, na pengine havitapanda kamwe. Kilo moja ya mahindi haiwezi kujilipia nauli ya angani.

Parachichi nalo? Hapa wakulima wengi wamepewa matumaini ambayo yanahitaji kupimwa. Hass wa Njombe, Rungwe, Mufindi na Kilolo anakwenda Ulaya na Asia kwa meli, ndani ya kontena la baridi, na hilo halitokani na kukosa uwanja. Parachichi haliivi likiwa mtini. Huchumwa likiwa gumu, na likipozwa mapema hadi nyuzi joto tano au sita hukaa wiki kadhaa bila kuharibika, muda unaotosha safari ya baharini. Tunda linalovumilia meli halina sababu ya kulipa nauli ya ndege, ambayo kwa kilo ni kubwa mara kadhaa. Hata soko la China, ambalo makubaliano yake ya parachichi yalisainiwa Novemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Beijing, ni soko la meli.

Air Tanzania ina ndege ya mizigo, Boeing 767-300F, iliyopokelewa Juni 2023, yenye uwezo wa kubeba tani 54. Songwe kwa urefu wake si uwanja wa kuogopa ndege ya namna hiyo. Lakini tani 54 ni zaidi ya makontena mawili makubwa ya parachichi, yakiwa yamekusanywa, yamechambuliwa, yamepozwa na kukaguliwa, yote yakiwa tayari siku moja na saa moja. Na ndege haiji tupu kwa raha. Lazima iwe na kitu cha kuleta, la sivyo anayepakia analipia safari mbili.

Angalia wenzetu wa Arusha na Kilimanjaro. Wana uwanja wa kimataifa mlangoni, KIA, na bado maua na mboga zao nyingi kwa miaka mingi zimepakiwa kwenye malori kuvuka Namanga hadi Nairobi. Kwa nini wazunguke? Kwa sababu Nairobi ndege za mizigo ni nyingi, zinatoka kila siku, na nafasi inapatikana hata kwa anayepeleka tani mbili. Mwenye bidhaa inayooza hafuati uwanja ulio karibu. Anafuata ndege iliyo na uhakika. Somo hilo la Namanga linatuhusu moja kwa moja: kujenga uwanja Songwe au Nduli hakuleti ndege ya mizigo, kama ambavyo kujenga stendi hakuleti abiria.

Kinachoua parachichi letu ni saa za mwanzo: kutoka mtini hadi chumba cha baridi. Tunda likikaa juani kwenye kreti saa sita likisubiri gari bovu kwenye njia ya udongo, hata ndege ya saa moja haitalirudishia maisha. Kwa hiyo mkulima wa Lupembe au Kiwira akiulizwa achague kati ya ndege na barabara ya kilomita 15 ya changarawe hadi kwenye kituo cha kufungashia, ajue la kujibu.

Yale yanayofaa kupanda

Yapo hata hivyo mambo ambayo ndege inayamudu vizuri, nayo yote ni mepesi, ya thamani na yenye haraka. Chanjo za mifugo zinazohitaji baridi. Mbegu za uhamilishaji wa ng'ombe. Mbegu za mboga za bei ghali. Sampuli za udongo na mazao za kupelekwa maabara. Nyaraka halisi za kontena ambazo mnunuzi wa nje anazitaka mkononi kabla ya kulipa.

Vifaranga vya siku moja ni mfano mzuri wa kujifunzia. Kifaranga hutoka kwenye yai akiwa na akiba ya kiini tumboni inayomtosha hadi saa 72 bila kula wala kunywa, ingawa mfugaji mzuri hamngojeshi hivyo. Vile vinavyototolewa hapa Iringa hufika Mbeya kwa gari ndani ya saa saba na kubaki na akiba tele, mradi boksi liwe na hewa na gari lisisimame juani. Ndege haina kazi hapo. Lakini kuku wazazi wanaoagizwa nje ya nchi huletwa kwa ndege, kwa sababu saa 72 hazitoshi meli. Saa ya kifaranga inatueleza ni chombo gani kinafaa, bila porojo.

Vipuri navyo vina kisa chake. Tuseme kombaini imekatika mkanda Mbarali katikati ya mavuno, na inavuna ekari 15 kwa siku kwa Sh100,000 kwa ekari. Kila siku inayolala, mwenyewe anapoteza Sh1,500,000. Kichwa kinasema ndege. Lakini ukipiga simu Dar es Salaam saa nne asubuhi, ndege ya siku hiyo inaweza kuwa imekwishaondoka. Mkanda unaowekwa kwenye basi la jioni unateremka Igawa au Chimala asubuhi inayofuata, barabarani kabisa, karibu na shamba. Ule wa ndege ya kesho unashuka Songwe, ng'ambo ya Mbeya, na unatakiwa urudishwe nyuma zaidi ya kilomita mia. Chombo cha taratibu kinachoondoka mara nyingi humshinda chombo cha kasi kinachoondoka mara moja.

Ukungu wa asubuhi

Yeyote anayepanda ndege kwenda Songwe anaujua ukungu wake. Mimi mwenyewe niliwahi kuondoka Dar es Salaam saa moja asubuhi, tukafika juu ya Songwe, tukazunguka, hapakuonekana kitu, tukarudi Dar es Salaam. Tuliondoka tena mchana na kushuka saa saba na nusu. Mkutano wangu ulikuwa saa nne. Hata hivyo basi lililotoka alfajiri siku hiyo lilikuwa bado halijafika Iringa, kwa hiyo kwa saa nilishinda. Kwa kazi niliyokwenda kuifanya nilishindwa. Taa za njia ya kurukia na vifaa vya kuongoza ndege vimeboresha hali pale Songwe, na ndizo fedha zilizotumika vizuri kuliko zote, kwa sababu abiria wa biashara hununua uhakika kabla ya mwendo. Nduli nayo ina asubuhi za ukungu na jioni za mawingu. Waliopanga ratiba za Iringa wasisahau kulipia hilo.

Nani basi ataijaza ndege ya Nduli?

Jibu langu ni kwamba wakulima hawatakuwa wengi ndani yake, na hilo si baya. Watakaoijaza ni watumishi, wanafunzi wa vyuo na wazazi wao, wagonjwa, wawekezaji wa misitu ya Mufindi, na watalii wa Ruaha. Hawa wa mwisho ndio wa kuangaliwa. Kwa muda mrefu mtalii wa Ruaha amekuwa akishuka na ndege ndogo kwenye kiwanja cha Msembe ndani ya hifadhi yenyewe. Anakula chakula kilicholetwa, analala huko, anaondoka. Mji wa Iringa anauona kwa dirishani. Mtalii huyo huyo akishuka Nduli kwenye ndege kubwa, atapita mjini, atakula, huenda atalala, kisha atakwenda hifadhini kwa gari la mtu wa hapa. Mayai, maziwa, nyanya, kuku na asali anavyokula ni vya Kilolo na Isimani. Hapo ndipo uwanja unapomfikia mkulima ambaye hatapanda ndege maisha yake yote.

Ila hoteli zinanunua kwa mkataba, kwa kiwango kimoja wiki baada ya wiki, na kwa risiti. Vikundi vya wakulima vinavyozunguka Nduli na barabara ya kwenda Ruaha vingeanza sasa kuuliza hoteli zinahitaji nini, kilo ngapi na siku gani.

Kwa mizigo mizito, macho yaelekee reli. TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita Makambako na Mbeya, na mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilisaini mkataba na kampuni ya China, CCECC, wa kuifufua kwa uwekezaji wa dola za Marekani bilioni 1.4. Behewa moja la baridi linaloondoka Makambako kwa siku inayojulikana lingebadilisha bei ya parachichi la Njombe kuliko ndege kumi. Siku ya behewa hilo haijatangazwa, na vyama vya ushirika vya Njombe na Rungwe vina haki ya kuiuliza kabla ratiba za treni hazijapangwa kwa ajili ya shaba peke yake.